Chagua risasi kwanza: kulinganisha vilengeo vya bunduki mpya ya wenzo

Mteja aliyenunua bunduki mpya ya wenzo (mkono wa chuma ulio chini ya bunduki, unaosukumwa ili kuingiza risasi), iliyoundwa kwa mfano wa zile za karne ya 19, mara nyingi hurudi kwetu na malalamiko yaleyale: ameshusha kilengeo cha nyuma hadi mwisho, na bado risasi zinapita shubiri nzima juu ya shabaha katika umbali wa mita 50. Jambo la kwanza analolishuku ni kwamba mtutu umepinda. Mtutu uliopinda hatuuoni mara nyingi katika karakana yetu. Tunachokiona karibu kila wiki ni vilengeo vilivyofungwa kwa makisio, kwa kuwa kiwanda hakina njia ya kujua mnunuzi atatumia risasi ya uzito gani wala ya kasi gani.

Chukua mfano wa Winchester ya 1886, iliyobuniwa na John Moses Browning, ambayo nakala zake leo hutengenezwa na Pedersoli na Chiappa nchini Italia, na na Miroku huko Japani. Nakala nyingi za bunduki hiyo hutumia risasi ya .45-70, ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1873. Dukani utaikuta risasi hiyo ikiwa na kichwa cha greni 300, cha greni 405 (takriban gramu 26), na hata kizito zaidi. Mtu angetarajia kichwa kizito kigonge chini kuliko chepesi, lakini katika umbali mfupi mara nyingi huwa kinyume. Bunduki huanza kupiga teke na mdomo wake kuinuka kabla risasi haijatoka mtutuni, na kwa kuwa kichwa kizito kinachokwenda polepole huchelewa kutoka, hukuta mdomo umekwisha kuinuka zaidi. Kwa hiyo boksi mbili za kaliba moja zinaweza kutoboa karatasi mahali pawili tofauti kabisa, na bunduki ikawa haina kosa lolote.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba risasi ichaguliwe kwanza, na vilengeo virekebishwe baadaye. Katika uchaguzi huo kuna mambo mawili ya usalama yasiyo na mjadala. Kwanza, magazini ya bunduki hizi ni bomba lililolala chini ya mtutu, ambamo ncha ya kila risasi hukaa nyuma ya fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni) ya risasi iliyo mbele yake. Ncha ngumu iliyochongoka inaweza kuilipua fataki hiyo bunduki inapopiga teke, kwa hiyo tumia risasi zenye kichwa bapa, au zile zenye ncha laini ya plastiki zilizotengenezwa mahususi kwa magazini ya bomba. Pili, baadhi ya risasi za .45-70 hujazwa baruti kwa nguvu inayofaa tu bunduki imara za kisasa zinazopakiwa risasi moja moja, na shinikizo lake si la kutiwa katika bunduki ya wenzo. Nakala za bunduki ya Winchester ya 1873 zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu viungo vinavyofunga chemba yake (sehemu ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa) ni dhaifu kuliko vya Winchester ya 1886.

Baada ya hapo huja kazi yenyewe, na hesabu yake ni rahisi. Zidisha ukubwa wa kosa kwenye karatasi kwa urefu wa nafasi iliyo kati ya vilengeo viwili, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Ikiwa risasi zinagonga sentimita 20 juu katika mita 50, na vilengeo vimeachana kwa sentimita 50, jibu ni milimita 2. Kilengeo cha mbele hufuata upande wa kosa: risasi zikienda juu, kinatakiwa kirefu zaidi, zikienda kulia, husukumwa kulia ndani ya mfuo wake. Kilengeo cha nyuma hufuata upande unaotaka risasi ziende. Mteja tuliyemtaja hapo juu, kwa hiyo, hahitaji mtutu mwingine. Anahitaji kilengeo cha mbele kilicho kirefu zaidi kwa milimita 2, kazi ambayo haimalizi hata saa moja.

Ikiwa risasi zinagonga chini, nako kupandisha kilengeo cha nyuma hakutoshi, hapo ndipo tupa hutumika kupunguza kimo cha kile cha mbele. Tunawasihi wateja wasijaribu hili nyumbani, maana chuma kilichokwisha kukatwa hakirudi. Sisi wenyewe hukata kidogo mno, tukapiga risasi tatu, kisha tukakata tena.

Namna ya kupiga wakati wa majaribio nayo huleta makosa mengi yanayosingiziwa bunduki. Mfuko wa mchanga uwekwe chini ya mbao ya mbele, karibu na mwili wa bunduki, kamwe usiwe chini ya mtutu au bomba la magazini, kwa sababu vyuma hivyo viwili vimefungwa pamoja na kila kinachokisukuma kimoja hukisogeza kingine. Joto nalo hufanya vivyo hivyo. Piga risasi tatu, kisha ngoja hadi mtutu ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kwa mwindaji, risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi ndiyo yenye thamani. Anza na mita 25 ili uhakikishe risasi zinagusa karatasi, ndipo usogee mbali.

Kitako nacho kina mambo yake. Bamba la chuma lililopinda kama mwezi mwandamo linapendeza macho, lakini ukilibana ndani ya bega kama bunduki ya kisasa, pembe zake zitakuumiza, na baada ya risasi kumi utaanza kufumba macho kabla ya mlio. Liweke nje kidogo, mwanzoni mwa mkono. Kwa .45-70 hatupigi zaidi ya risasi 15 kwa kikao kimoja.

Kuhusu umbali, tunapendekeza ulinganishe kwa mita 100 na ukubali mpaka huo. Kichwa cha greni 405 kinachotoka kwa kasi ya takriban mita 400 kwa sekunde, kikilinganishwa hivyo, huwa kimeshuka zaidi ya nusu mita kifikapo mita 200, na hakuna kilengeo kitakachoufuta mteremko huo kwa mnyama ambaye umbali wake umekisiwa kwa macho.

Unapotuletea bunduki, ije na kibali chako cha umiliki, risasi 20 za boksi lilelile utakalowindia, na karatasi ya shabaha uliyoipiga ikiwa imeandikwa umbali. Bunduki iwe tupu: usiridhike na kuusukuma wenzo mara moja, kwa sababu bomba linaweza kuleta risasi nyingine, endelea hadi hakuna kinachotoka, kisha chungulia na uguse kwa kidole chemba pamoja na mdomo wa magazini.