Kaka, mtoto simrudishi Tanga

Assalaam alaykum Kaka, shikamoo. Mama nae mpe shikamoo yake. Sisi huku Leicester hatujambo alhamdulillah, baridi tu ndo inatutafuna. Voisi zako zote tatu nimezisikia, ile ndefu nimeirudia nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, nikaona nikijibu kwa voisi ama ntalia ama ntagomba, bora niandike. Ukimaliza msomee Mama, ila pale ntapokwambia ruka, ruka kweli.

Unasema nimpakie mtoto ndege aje akae kwenu Ngamiani miaka miwili, asome chuo cha Kurani, anyooke. Kwanza nani kakwambia kapinda? Nilimwambia mtu mmoja tu, na akaapa, haya si kitu. Ila kwa kuwa umepata nusu ya habari bora nikupe yote.

Ilikuwa Desemba. Huku Desemba magharibi inaingia kabla ya saa kumi alasiri, mtoto anarudi shule na begi lake kiza kishashuka, adhuhuri imempita, alasiri imempita, anatakiwa afike tu atawadhe asimame. Basi kapanda juu, nikaskia bomba linamwagika, linamwagika, linamwagika, na maji huku yana bili Kaka, nikapanda kumwambia afunge. Kafungua mlango, soksi miguuni, simu mkononi. Nikainama nikazigusa zile soksi. Kavu. Na yeye akanipita hivyo hivyo akaenda kwenye mswala akapiga takbira mbele yangu! (Hapa Mama ruka.) Mkono ulishanyanyuka, wallahi, sijui nini kilinizuia. Nikamwambia toka hapo, usimchezee Mungu. Akakaa kitandani, akanyamaza sana, halafu akaniuliza kwa Kingereza maana Kiswahili chake unakijua ni cha kuombea chakula tu, Mama wewe unaswali kwa sababu unataka au umezoea?

Nilishuka chini kupika. Sikumjibu usiku ule.

Sasa nikuulize na wewe, sisi nani alituuliza? Adhana za Ngamiani zinapokezana, huu msikiti haujamaliza ule umeanza, jirani akikuona barabarani saa ya Ijumaa anakuuliza we mtoto wa fulani mbona uko huku, na marehemu Baba na ile fimbo yake ya mpera juu ya mlango. Hatukuwa na pa kujificha. Na bado nilijificha, mara ngapi mimi nilitoroka chuo nikaenda kuogelea Raskazone na wewe ukaniambia suuza nywele kwa maji ya bomba chumvi isijulikane? (Hapa pia ruka.) Na wale tuliohitimu nao juzuu zote thelathini, tukala pilau ya hitma pamoja, wangapi leo wanaswali? Wewe uko nao hapo unawajua kwa majina. Kwa hiyo hii habari ya kwamba akikanyaga Tanga tu atanyooka mi naiona kama kumpeleka mtu hospitali ukamuacha getini.

Na nyie mnafikiri huku tunaishi peke yetu na nguruwe. Leicester hii sensa ya 2021 karibu robo ya watu ni Waislamu. Kuku wa halali yupo kila kona. Wapo mpaka wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, yupo mmoja ana duka la mboga akiniona tu "karibu mama, muhogo mpya ulikuja leo," Kiswahili chake cha Kampala ila siku nikiwa na unyonge kinanitosha.

Kinachonisumbua mimi ni kingine kabisa, na nyie huko hamwezi kukijua. Madrasa ya hapa mtaani ni ya Wahindi wa Gujarati, watu wema sana, Mungu awalipe, wanasomesha kila jioni baada ya shule. Lakini wao madhehebu yao ni Hanafi, sisi Shafi. Mwanangu akaanza kuniambia Ramzan, nikamwambia Ramadhani baba, akaniambia namaz, nikamwambia swala. Halafu asubuhi moja Jumamosi baba yake anasalisha alfajiri, kasimama baada ya rukuu ya pili anasoma kunuti, ile dua ya kusimama, kama tulivyolelewa wote pwani, mtoto kashuka zake sijida kamuacha baba amesimama! Tukamaliza, vita. Ustadhi kasema kunuti ya alfajiri hamna, baba yake anasema babu yako kaisoma mpaka anakufa, mtoto anasema kwa hiyo ustadhi muongo au babu muongo? Mimi nadhani pale ndo penyewe ufa ulipoanzia, haikuhusu Krismasi wala wazungu. Sisi hatukuwahi kumwelezea kwamba kuna madhehebu, Shafi na Hanafi, na wote wana hoja zao, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwahi kuelezewa, tulidhani dunia nzima inasoma kunuti.

Krismasi mbona ilipita vizuri. Kitinda mimba shuleni kwao walifanya mchezo wa kuzaliwa Nabii Isa, yeye kapewa ngamia. Mume wangu kaja juu, asiende, na kweli sheria ya huku inamruhusu mzazi kumtoa mtoto kwenye ibada za shule na kipindi cha dini. Mi nikasema ngamia hana dhambi. Ila usiku kabla hajalala nikamsimulia Sura Maryam, uchungu umemshika yuko peke yake chini ya mtende, anaambiwa atikise shina zimdondokee tende mbivu. Kesho yake ngamia wetu kamwambia mwalimu hapa mmekosea, mbona hamna mtende. Mwalimu akamwambia wasimulie wenzako, kakaa mbele ya darasa kasimulia yote mpaka tende. Huyu huyu akialikwa besidei anarudi na pipi mfuko mzima hajala hata moja, ananimwagia mezani "Mama soma," maana nyingi zina gelatini ya nguruwe, sasa hivi ana miaka saba anazisoma mwenyewe kwa kidole mstari kwa mstari kama anasoma juzuu.

Turudi kwa mkubwa. Nilikaa na lile swali lake siku tatu. Siku ya nne nikamjibu ukweli, nikamwambia miaka mingi nimeswali kwa mazoea, na nilipokuja huku mwaka wa kwanza nikaacha kabisa kama miezi minne hivi. (Kaka hili hata wewe hukulijua, na Mama asilijue kamwe.) Nikamwambia nilirudi usiku mmoja kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, bibi mmoja wa kizungu anakata roho, watoto wake wako mbali, mimi nimemshika mkono nikatafuta cha kusema nikajikuta nasoma Yasini nusu nusu, nimesahau, narukaruka aya. Nikaona aibu. Kuanzia pale naswali kwa kutaka, si kila siku lakini, siku nyingine ni mazoea tu na Mungu anajua. Mtoto kaniangalia kama ndo ananiona leo.

Halafu nikamwambia baba yako zamu zake zinamtupa nje alfajiri nyingi, mi nahitaji imamu. Umeshabaleghe, utanisalisha.

Kaka, wiki ya kwanza! Rakaa ya kwanza sura ya Kauthar, ya pili Ikhlasi, kila siku, upesi upesi kama anakimbizwa. Mi nyuma kimya. Wiki ya pili akageuka baada ya salamu, mwenyewe, akasema Mama nimechoka na hizi fupi. Akachagua Wadh-dhuha, tukafungua ile tafsiri ya Kurani ya Sheikh Farsy aliyoniachia Baba, mi namsomea Kiswahili yeye ananiuliza hili neno nini, tukafika pale Mtume anaambiwa Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia, akasema hebu rudia. Sijui alikuwa anawaza nini, sikumuuliza.

Sikwambii kapona. Juzi Jumapili kalala mpaka saa tatu, nikamtoa kwa kumvuta blanketi. Ramadhani pia sina hofu nayo, si kama ile ya 2018 ya kiangazi tuliyofunga kama saa 18 watoto wanatuangalia kama wendawazimu, hii ya majira ya baridi saa kumi na moja na nusu jioni ushashika tende. Lakini nikimtoa sasa hivi nikamleta kwenu atajua kitu kimoja tu, kwamba siku alipomwambia mama yake ukweli akapandishwa ndege. Hatonambia tena. Likizo ya Julai tutakuja wote inshaallah, mpeleke chuoni, mpeleke Raskazone pia.

Ninachokuomba ni kidogo. Ile kunuti, sasa kasema ataisoma akisalisha nyumbani na msikitini atawafuata wao, ila ya baba yake anasema inaenda mbio hashiki. Mrekodi Mama anavyoisoma, taratibu, utume kwenye simu yangu si kwenye grupu la familia. Na mwambie asiongeze mawaidha mwishoni, namjua.

Hela ya bati nimetuma jana, ukipata unijulishe.

Mdogo wako