Lebo ya nyama haikuangushwa kwa kusema ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala yenu iliyodai kwamba Shirika la Biashara Duniani (WTO) lilimkataza mnunuzi wa Marekani kujua nyama yake imetoka nchi gani. Si kweli, na inaniuma kuona dai hilo likirudiwa na watu wenye nia njema. Miaka yote ambayo sheria ya Marekani ya kutaja nchi ya asili kwenye lebo ilifanya kazi kwa nyama ya ng'ombe na nguruwe, nilikuwa nimeajiriwa katika kiwanda cha nyama huko Marekani, upande wa kupakia, ambako lebo hubandikwa kabla boksi halijaingia kwenye baridi.

Kongresi ilipitisha sheria hiyo mwaka 2002, ikaahirishwa, ikarekebishwa 2008, na kanuni zake kamili zikaanza Machi 2009. Duka kubwa lilitakiwa kumwambia mteja nchi ya asili ya nyama ya ng'ombe, nguruwe, kondoo, mbuzi na kuku. Niliiunga mkono tangu siku ya kwanza na bado naunga mkono wazo lake: anayelipa ana haki ya kujua anachokula. Ndiyo maana nataka tuelewe vizuri kilichoiangusha.

Kule mifugo huvuka mipaka ikiwa hai. Wakati huo ndama alizaliwa Chihuahua au Sonora, Mexico, akapelekwa Texas kunenepeshwa, akachinjwa huko huko. Watoto wa nguruwe hutoka Manitoba, Kanada, wakakuzwa Iowa. Mnyama kama huyo utamwita wa nchi gani? Sheria ilijibu kwa kugawa makundi: aliyezaliwa, kufugwa na kuchinjwa Marekani, aliyezaliwa nje akafugwa Marekani, aliyeletwa moja kwa moja machinjioni, na nyama iliyoagizwa ikiwa tayari nyama.

Kwenye karatasi mgawanyo huo ni mwepesi. Kiwandani maana yake ni kwamba ng'ombe aliyezaliwa Kanada anahitaji hati zinazomfuata tangu kwa mfugaji, zizi lake, muda wake wa kuchinjwa, na nyama yake isiguse ya wengine mpaka ibandikwe lebo. Kila mkibadilisha kundi, laini ya uzalishaji inasimama, na laini ikisimama wasimamizi wanahesabu hasara kwa dakika. Njia rahisi ya kukwepa gharama hiyo ilikuwa moja tu: kununua mifugo ya Marekani peke yake. Viwanda vingine viliwapokea ng'ombe wa nje siku fulani za wiki tu, vingine vikawalipa wenye ng'ombe hao bei ya chini, vingine vikawakataa. Haya si maneno yangu peke yangu, yamo kwenye ushahidi wa kesi iliyofunguliwa WTO.

Sasa tazama mteja alipata nini kwa usumbufu wote huo. Kanuni za 2009 ziliruhusu kiwanda kilichochanganya makundi katika siku moja ya uzalishaji kuandika nchi zote kwenye lebo moja. Kwa hiyo nyama ya ng'ombe ambaye hajawahi kukanyaga nje ya Marekani iliweza kutoka na lebo ya Marekani, Kanada na Mexico. Nyama ya kusaga ilikuwa mbaya zaidi: lebo iliweza kutaja nchi ambayo nyama yake ilikuwa ghalani wakati wowote ndani ya siku 60, hata kama katika pakiti uliyoshika haimo. Na nyama ya hotelini na mikahawani, iliyopikwa kiwandani au kukaushwa kwa moshi, pamoja na ile ya maduka madogo, haikuhitaji lebo kabisa. Mfugaji alidaiwa historia nzima ya mnyama, kisha sehemu kubwa ya historia hiyo haikumfikia mlaji.

Kanada na Mexico zilishtaki WTO Desemba 2008. Juni 2012 Chombo cha Rufaa cha WTO kiliamua kwamba sheria ilikiuka kifungu cha 2.1 cha Mkataba wa Vikwazo vya Kiufundi katika Biashara, kinachokataza kuitendea bidhaa ya nje vibaya kuliko ya ndani. Hoja ilikuwa hiyo hiyo tuliyoishi nayo kiwandani: mzigo wa kutunza kumbukumbu haukulingana na taarifa iliyotolewa. Lengo la kumwarifu mnunuzi lilikubaliwa kuwa halali. Naomba wasomaji wasiliache jambo hili lipite.

Mei 2013 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilirekebisha kanuni. Lebo zikaanza kutaja mnyama alikozaliwa, alikofugwa na alikochinjwa, na kuchanganya kukafutwa. Zilikuwa lebo nzuri, za kweli. Lakini misamaha ya hoteli, nyama iliyopikwa na maduka madogo ilibaki vile vile, kwa hiyo kazi ya kutenganisha iliongezeka na pengo halikuzibika. Mei 2015 Marekani ikashindwa tena. Desemba mwaka huo wasuluhishi waliiruhusu Kanada kulipiza kwa ushuru wa zaidi ya dola zake bilioni 1 kwa mwaka, na Mexico zaidi ya dola milioni 227 za Marekani. Siku chache baadaye, tarehe 18, Rais Barack Obama alitia saini sheria ya bajeti iliyoondoa ng'ombe na nguruwe kwenye orodha.

Kuku, mbuzi na kondoo walibaki, na lebo zao za asili zinaendelea. Umoja wa Ulaya nao, uliotikiswa na ugonjwa wa ng'ombe wazimu, ulipitisha mwaka 2000 sheria ya kutaja ng'ombe alikozaliwa, alikofugwa na alikochinjwa, na lebo hizo zipo mpaka leo. Kama WTO lingekuwa limepiga marufuku lebo za asili, zote hizi zingekuwa zimekwisha.

Kilichoniudhi zaidi kilikuja baada ya hapo. Kwa miaka, nyama iliyoagizwa kutoka nje ikakatwa na kupakiwa upya Marekani iliweza kuuzwa kama zao la Marekani. Wizara ilibadilisha hilo kwa kanuni ya Machi 2024, na tangu Januari 1, 2026 maneno hayo ni kwa mnyama aliyezaliwa, kufugwa, kuchinjwa na kusindikwa humo humo. Ila ni lebo ya hiari. Asiyetaka kusema ananyamaza.

Kwa hiyo nchi yoyote inayoandika sheria ya namna hii isitishwe na kesi hii. Iandike kwamba kila taarifa inayodaiwa kwa mfugaji ifike kwa mlaji, na ianze na hotelini, ambako mla nyama hana hata pakiti ya kusoma.

Msomaji wenu,
Mpakiaji nyama, Marekani