Redio si kituo cha kusubiria runinga

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze watangazaji chipukizi wa hapa Tabora, ambao wengi wao huiona redio kama mahali pa kusubiria runinga au filamu, habari za mtangazaji Mwitalia Corrado Mantoni (1924–1999). Filamu aliigiza na runingani alivuma, lakini kipindi chake cha La Corrida, kilichowapa watu wa kawaida nafasi ya kuonyesha vipaji huku hadhira ikiwashangilia au kuwazomea kwa filimbi na kelele za masufuria, kilianzia redioni mwaka 1968 na kuingia runingani mwaka 1986. Naamini masufuria yale yalinoga zaidi redioni, ambako msikilizaji hujichorea mwenyewe sura ya mwimbaji aliyeboronga. Vituo vyetu vijaribu kipindi cha aina hiyo, na mtangazaji asihamishwe kila msimu.

Msikilizaji wa redio,
Tabora