Shiti ya alumini iuzwe na namba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye maduka ya vifaa, mafundi wenzangu, na kina mama wanaooka mikate na keki katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Ombi langu ni moja. Shiti ya alumini inayokwenda kuwa trei ya keki au tini ya mkate iuzwe na namba ya aloi yake, yaani mchanganyiko wa alumini na vitu vilivyotiwa ndani yake, na namba hiyo ifike hadi kwa mwokaji.

Mimi ni fundi bati, nafanyia kazi Chikongola, Mtwara Mjini. Kazi yangu kubwa ni vyombo vya kuokea. Msimu wa korosho ukifunguka na fedha za mnada zikaanza kuingia, oda zinakuja kutoka Nanyamba, Tandahimba na Newala, nyingine kutoka Mtama na Lindi Mjini. Huyu anataka trei pana za biskuti, yule tini za mkate wa slesi, mwingine duara za keki ya harusi zinazopandana tatu. Wote wananiuliza bei, wachache wananiuliza unene, na karibu hakuna anayeniuliza ile ni alumini gani. Siwalaumu, maana hata mimi nikienda dukani kuuliza, mara nyingi sipati jibu.

Shiti ikitoka kiwandani huwa na maandishi ya wino mgongoni. Yanataja namba ya aloi, ugumu wake na unene. Ukikuta pameandikwa 3003 H14 1.0 umeshajua kila unachohitaji. Ikifika dukani inakatwa vipande, maandishi yanaondoka na mteja wa kwanza, na sisi wengine tunabaki na bati jeupe lisilo na jina. Ukimuuliza kijana wa dukani anakujibu kwa upole kabisa: "Kaka, alumini ni alumini." Sina ugomvi naye, ndivyo alivyofundishwa. Lakini tofauti kati ya shiti moja na nyingine ni kubwa, na anayeilipia ni mama wa watu aliyenunua trei kwa fedha ya korosho.

Nianze na alumini iliyo karibu na safi, zile za namba 1050 na 1100, zenye alumini asilimia 99 au zaidi. Ni laini, zinavutika vizuri, na ukitaka kukandamiza sufuria yenye kina hazikusumbui. Ila ukizifanya trei pana ya unene wa milimita 1, mwokaji akiitoa oveni imejaa biskuti inapinda katikati. Baada ya miezi kadhaa haikai tena sawa juu ya meza, na unga wa keki unakimbilia upande mmoja.

Ninayoitaka mimi ni 3003. Hii imetiwa manganizi kati ya asilimia 1 na 1.5. Kiasi hicho kidogo kinaiongezea nguvu kama moja ya tano kuliko 1100, na bado unaikunja pembe kwa nyundo ya mbao bila kupasuka. Joto la kawaida la oveni, nyuzi 180 hadi 220, haliharibu umbo lake. Inasafirisha joto zaidi ya mara tatu ya chuma cha kawaida, na takriban mara kumi ya chuma kisichoshika kutu, kile kinachouzwa kwa bei kubwa kwa sababu kinang'aa. Ndiyo maana biskuti za pembeni na za katikati zinaiva pamoja. Ipo pia 3004, ambayo imeongezewa magnesi kama asilimia 1. Ina nguvu zaidi, na ukiipata kwa unene unaofaa usiikatae.

Ugumu nao uangaliwe. Herufi O ina maana shiti imelainishwa kwa moto, na hiyo ndiyo ya kukandamiza vyombo vyenye kina. H14 imekazwa nusu kwa kupitishwa kwenye roli ikiwa baridi, inafaa trei na tini za kukunja. Mwenye duka akikuuzia H14 kwa kazi ya kina, pembe zitachanika mikononi mwako, nawe utadhani ufundi umekuishia.

Mji wetu una bandari na vyombo vya baharini, kwa hiyo vipo vipande vizuri vizito vinavyobaki kwenye kazi za boti. Fundi anavitamani. Shiti nyingi za boti ni 5083, yenye magnesi zaidi ya asilimia 4, na kwa maji ya chumvi hakuna inayoishinda. Lakini aloi yenye magnesi zaidi ya asilimia 3 haitakiwi kukaa muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 65. Magnesi inasogea na kujipanga kwenye mipaka ya chembe za metali, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Sasa iingize oveni kila alfajiri ikiwa na unga uliotiwa chumvi! Vipande vya boti virudi kwenye boti. Fremu za madirisha, ambazo nyingi ni 6063, sitazisemea sana: mara nyingi zina rangi ya kuokwa juu yake, na hazina umbo la kukutolea trei.

Ninaloliogopa zaidi liko kwenye kalibu za kuyeyushia vyuma chakavu, na hapa naomba ndugu zangu wa kalibu wanisome hadi mwisho kabla ya kukasirika. Sufuria zenu nzito nazipenda. Kwa mkate wa kumimina hazina mpinzani. Mchele ulioloweshwa na kusagwa na tui la nazi, hamira na iliki ukishaumuka, unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Kitako kinene kinasambaza joto la mkaa polepole. Uso ukianza kutoboka vitundu, makaa yanapandishwa juu ya mfuniko, mkate unaiva juu na chini bila kuungua. Sufuria nyembamba ya dukani inakupa mduara mweusi chini na uji katikati. (Mfuniko wa kuwekea makaa uwe wa chuma. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, na kaa linalopepewa linaweza kuzipita.)

Shida ni kinachoingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Nimesimama kwenye kalibu nikatazama lundo: pistoni, vifuniko vya giaboksi, makopo ya soda, redieta, rimu za gari. Pistoni ina silikoni nyingi, pamoja na shaba na nikeli. Redieta za zamani zilizochomelewa huja na lehemu yake. Rimu yenyewe ni alumini nzuri, kwa kawaida silikoni kama asilimia 7 na magnesi kidogo sana. Lakini chunguza ukingo wake. Utaona vile vipande vidogo vya kijivu vilivyobanwa au kubandikwa kubalansi tairi. Ukikikwaruza kipande kwa kisu kikachubuka kama sabuni na kung'aa ndani, hiyo ni metali ya risasi. Niliona rimu ikipasuliwa kwa nyundo na kutupwa chunguni na vipande vyake vyote. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, alumini ikiwa bado haijalegea.

Jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya sufuria za alumini chakavu za Kameruni, na mwaka 2017 wakachapisha ya vyombo kutoka nchi kumi zinazoendelea. Kote walikuta vyombo vinavyotoa risasi kwenye kimiminika chenye asidi kilichotumika badala ya chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Mkate wa kumimina ndio chakula cha watoto wetu asubuhi na jioni ya Ramadhani. Siwezi kulinyamazia hili.

Nawaomba wa kalibu wafanye linalowezekana leo bila mashine. Rimu ziyeyushwe peke yake, baada ya kung'olewa kila kipande cha kubalansi. Redieta, lehemu, betri na vifaa vya umeme visikaribie kabisa chungu cha sufuria. Pistoni na vifuniko vya giaboksi viende kwenye kazi nyingine, kama puli na vipuri, visivyogusa chakula. Najua rimu ni ghali kwa kilo kuliko mchanganyiko. Basi sufuria ya rimu iuzwe kwa bei yake na ijulikane kuwa ni ya rimu. Wapo tutakaoilipia.

Kwa fundi mwenzangu aliyekwama na shiti isiyo na jina, kuna kipimo cha kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Safisha kona ya shiti kwa msasa, dondoshea tone la kostiki iliyoyeyushwa kwenye maji, vaa glavu na miwani, subiri dakika chache, kisha suuza. Pakiwa peusi, kuna shaba nyingi, iache. Pakiwa pa kijivu au kahawia, silikoni ipo. Pakibaki peupe, una alumini safi au aloi ya jamii ya 3003 au 5083, na hapo ukunje kipande ujue ugumu wake. Kipimo hiki hakionyeshi risasi. Asikudanganye mtu kwamba rangi, mlio au uzito wa sufuria unaweza kukuonyesha risasi.

Kina mama nao nina neno kwao, kwa heshima. Huku kwetu sufuria isiyong'aa ni aibu ya nyumba, kwa hiyo trei inasuguliwa kwa majivu na mchanga hadi ujione usoni. Alumini inajilinda yenyewe kwa ngozi nyembamba inayojitengeneza ikikutana na hewa. Asidi kali inaila ngozi hiyo, na magadi na majivu yanaila vilevile. Kila mnaposugua mnaivua, na chakula kinachofuata ndicho kinachokutana na metali tupu. Ule weusi-weusi unaobaki baada ya kuchemsha maji hauna madhara, uacheni. Tumieni sabuni ya kawaida na sifongo laini. Na trei ikishatoa keki ya ndimu, au mlichooka kwa ukwaju au mabibo, kihamisheni kwenye sahani. Kisilale humo hadi asubuhi.

Sasa nirudi kwa wenye uwezo wa kulitengeneza hili. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, liweke sharti kwamba chombo cha alumini cha kupikia au kuokea kiwe na alama ya aloi iliyogongwa kwenye metali yenyewe, si karatasi ya gundi inayotoka kwa maji ya kwanza. Ulaya wana viwango vya alumini inayogusa chakula, kimoja cha shiti na kingine cha vyombo vya kusubu, yaani vya kumiminwa kwenye kalibu, na risasi haitakiwi kuzidi asilimia 0.05. Sioni kwa nini mtoto wa Mikindani awe na kinga ndogo kuliko wa huko. SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na Lindi, na wanatujua mafundi kwa majina. Nawaomba watafute kile kifaa cha mkononi kinachosoma metali kwa mionzi ya eksirei. Kinataja kilichomo ndani ya sekunde chache bila kuharibu chombo. Kimoja tu kikizunguka Mtwara, Masasi, Nachingwea na Lindi kwa ratiba, kila kalibu itajua inasubu nini, na fundi atapeleka shiti yake kabla hajaikata. Tuchangishwe ada, tutalipa.

Wenye maduka sitaki wasubiri sharti lolote. Kabla mkasi haujagusa shiti mpya, chukueni kalamu ya wino usiofutika, soma maandishi ya kiwandani, uyaandike tena kwenye kila kipande: namba ya aloi, ugumu, unene. Na risiti iandikwe hivyohivyo, "alumini 3003 H14, milimita 1," badala ya "bati jeupe." Mimi kwa upande wangu nimechonga mihuri ya namba ya chuma, na kila trei inayotoka kwangu yenye shiti niliyoisoma kwa macho yangu naigonga 3003 chini ya ukingo, pembeni ya mkunjo. Ambayo sikuisoma siigongi, na mteja namweleza hivyo kabla hajatoa fedha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi bati, Chikongola,
Mtwara