Baada ya Safari Yetu ya Sabasaba

Ndugu wanakikundi,

Nawashukuru wote mliofika jana kwenye viwanja vya maonyesho ya biashara ya Sabasaba licha ya foleni ya Barabara ya Kilwa. Kilichonikaa moyoni ni ile bajaji ya gesi tuliyoizunguka kwa muda mrefu, mtungi wake umefungwa nyuma ya kiti cha abiria. Petroli na dizeli zote tunaagiza kutoka nje, ndiyo maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri bei za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kama matokeo ya mtihani, ilhali gesi asilia ya kisiwa chetu cha Songo Songo inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Tatizo ni vituo vya kujazia, ambavyo bado ni vichache.

Nauli ya basi imezidi kidogo, kwa sababu hiyohiyo ya dizeli; tafadhali malizieni kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa.