Msituambie kikokotoo ni kwa faida yetu

Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma tangu enzi za kugawana kurasa kwenye ofisi ya walimu, na sijawahi kuwaandikia. Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu uhai wa mifuko ya pensheni imenishinda kuvumilia. Takwimu zake sina ugomvi nazo. Kilichonikera ni pale mtaalamu wenu aliposema, nanyi mkampitisha bila swali hata moja, kwamba kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, malipo ya mkupuo yalipunguzwa ili kumlinda mstaafu asitapanye fedha zake.

Nimefundisha Hisabati tangu 1990 hadi nilipostaafu 2025, kwa hiyo niruhusuni nipige hesabu ambayo mwandishi wenu hakuipiga. Chukua mtumishi mwenye miezi 420 kazini, wastani wa mshahara wake shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, unazidisha miezi ya kazi kwa mshahara wa mwaka, unagawa kwa 540 (ndiyo 1/540), nusu unaizidisha kwa 15.5 iwe mkupuo, nusu nyingine inabaki pensheni; alikuwa anaondoka na milioni 72.3 na pensheni ya kama 389,000 kila mwezi. Kikaja cha Julai 2022: 1/580, asilimia 33, kizidisho 12.5. Mkupuo ukaanguka hadi milioni 35.8, pensheni ikapanda hadi 485,000. Kelele zikapigwa, na bajeti ya 2024/25 ikatupandisha hadi asilimia 40 sisi tuliokuwa kwenye ile 50 ya zamani. Sasa anapata mkupuo wa milioni 43.4 na pensheni ya 434,000. Ukilinganisha na zamani, amekosa milioni 28.9 mkononi, akapewa nyongeza ya 45,600 hivi kwa mwezi. Gawanya mwenyewe, Mhariri. Inakuja miezi zaidi ya 630, karibu miaka 53. Aliyestaafu na miaka 60 itabidi afike karibu 113 ndipo arudishe chake, wakati kile kizidisho cha 12.5 tulielezwa kuwa ndiyo miaka tunayotarajiwa kuishi baada ya kustaafu. Huko ndiko kulindwa.

Hiyo hadithi ya kutapanya niliisikia kwa mara ya kwanza kwenye mafunzo ya wastaafu watarajiwa. Tulipewa daftari, kalamu na chupa ya maji, kisha akasimama mwezeshaji, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Picha ya kwanza aliyotuwekea ukutani ilikuwa ya mzee aliyelala nje ya baa, kiatu kimoja mguuni, na juu yake maandishi: MSTAAFU BAADA YA MIEZI SITA. Akacheka mwenyewe. “Wazee wangu,” akasema, “hela ya mafao ina pepo, msiongeze mke.” Nusu ya ukumbi walikuwa walimu wa kike, wengine wajane waliosomesha watoto mpaka chuo kikuu kwa mshahara ule ule tunaoujua. Mwalimu mmoja wa kike akanyoosha mkono akamuuliza: “Mwanangu, wewe umewahi kushika milioni arobaini?” Kijana akasema swali hilo lina mada yake, litajibiwa mchana. Mchana tukafundishwa kufuga kuku. Mtu aliyeendesha shule yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja kwa ruzuku isiyofika kwa wakati anafundishwa matumizi ya fedha na mtu ambaye hajawahi hata kusubiri malimbikizo! Na fedha zenyewe si sadaka ya mtu. Asilimia 5 ilikuwa inakatwa kwenye mshahara wangu na 15 akilipa mwajiri, na hiyo 15 ni jasho langu vilevile.

Sababu ya kweli inajulikana na haina aibu kuitaja. Kabla ya 1999 watumishi wa Serikali hatukuwa tunachangia. Pensheni ilitoka Hazina. PSPF ilipoanza mwaka huo ikabebeshwa pia miaka yetu ya nyuma, kwa ahadi kwamba Serikali itairudishia. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, akaandika kuhusu deni hilo ripoti baada ya ripoti. Mifuko hiyo hiyo ikakopesha ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF zikaunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, kikokotoo kipya kikaja, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akakisimamisha hadi 2023, ingawa hatukufika hiyo 2023, kile cha Julai 2022 kikatuwahi. Mwishoni mwa 2021 ndipo Serikali ikatoa, kwa ajili ya deni hilo, hati fungani isiyo taslimu, yaani ahadi ya kulipa baadaye badala ya fedha mkononi, ya shilingi trilioni 2.17. Sawa, nashukuru. Lakini kama mfuko ulipungukiwa kwa sababu mdaiwa alichelewa kulipa, semeni hivyo, nasi tutaelewa. Tumekopeshana kwenye vikoba miaka yote. Msimchore mzee wa baa.

Na mkishamaliza hilo, mtafiteni pia huyu anayenipigia simu. Barua yangu ya kustaafu haijakauka wino, mtu anataja majina yangu yote matatu, anataja shule yangu na mwezi wa kustaafu, anasema ni wa mafao na faili limekwama kwa laki mbili na nusu. Kapata wapi hayo? Huyo ndiye wa kunilinda naye, siyo mimi mwenyewe.

Pendekezo langu ni dogo. Wabunge wakimaliza miaka 5 hulipwa kiinua mgongo chao kwa mkupuo. Kwa kuwa kutapanya ni hatari kwa binadamu wote, nao walipwe asilimia 40, iliyobaki wapewe kila mwezi kwa miaka 12 na nusu, baada ya mafunzo ya lazima ya siku tatu ya ufugaji wa kuku. Mimi najitolea kuwa mwezeshaji. Nauli nitajilipia. Posho wanipe asilimia 40 siku hiyo, nyingine nitaidai taratibu.

Mwalimu mstaafu,
Tabora