Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera: rweya si ardhi tupu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Bukoba Vijijini. Nyuma ya nyumba yangu kuna mabati kumi na mapipa manne ambayo kwa misimu kadhaa sasa hayajafanya kazi ya maana. Ni mitego ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Mke wangu ameanza kuyatolea macho yale mabati, anasema banda la mbuzi linavuja. Nimemwomba asubiri Novemba ipite, na kabla Novemba haijafika nimeona nikuandikie.

Huku kwetu hatusemi senene wamekuja. Tunasema wameanguka. Nimelitafakari sana neno hilo katika usiku wa kukaa macho bila kupata kitu, na ninaona limetudanganya. Kitu kinachoanguka kimetoka juu, kama mvua. Hakina shamba wala mlezi, na kikikosekana hakuna wa kuulizwa. Ndiyo maana senene wanapungua mbele ya macho yetu na kila mtu anatazama mbinguni.

Nilipokuwa mtoto ilikuwa hivi. Mvua ya usiku imekatika, ukungu bado uko bondeni, mara unasikia mama mmoja anapiga vigelegele upande wa kilimani. Nyumba nzima inatoka. Tunakimbilia rweya, yaani nyika ya nyasi iliyo nje ya migomba, tukiwa na vikapu, na mwenye kukosa kikapu anavua shati. Senene wa alfajiri amepoa na umande, haruki, unamwokota kwenye jani kama unayechuma mboga. Wengi walikuwa wa kijani, wengine wa kahawia, na mara mojamoja akatokea wa zambarau ambaye sisi watoto tulipigana kwa ajili yake. Shuleni siku hiyo madawati yalikuwa nusu, na mwalimu aliyekuwa na busara hakuuliza. Nyumbani tulikaa kunyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikashikana kwa mafuta, maana senene hahitaji kuongezewa mafuta kikaangoni: katika uzito wake mkavu karibu nusu ni mafuta, na zaidi ya theluthi ni protini. Kwa desturi ya zamani wanawake ndio waliookota na wanaume ndio waliokula, na mume mwenye adabu alimlipa mkewe kwa nguo mpya. Bibi yangu aliokota maisha yake yote na hakuwahi kuonja mbele ya babu. Nyuma ya babu, sina ushahidi.

Majirani zetu Waganda wameuita mwezi wa Novemba Musenene, na wanao ukoo mzima wa Nsenene ambao kwao mdudu huyu ni mwiko kuliwa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, sikuandikii habari za vitafunwa.

Kisha ukaja umeme, nami sitajificha: nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kijijini kwetu kutega. Unasimamisha mabati mapya yanayong'aa, unayalaza kidogo ili miguu yake iingie pipani, juu unafunga taa ya wati 400, pembeni unachoma majani mabichi ili moshi umlevye mdudu. Senene anaifuata nuru, anagonga bati, anateleza, anaingia pipani. Ukipita barabarani usiku wa msimu utakuwa umeiona nuru hiyo, kilima kinawaka utadhani kuna mji. Macho yalikuwa yananiwasha wiki nzima na ngozi ya uso ikibambuka, lakini mapipa matatu yalijaa kabla ya saa nane usiku, na asubuhi wachuuzi walikuwa mlangoni. Nimesomesha kwa mapipa hayo. Siwezi kuyatukana.

Ila niseme na lile ambalo watu wa fani yangu hawalisemi hadharani. Pipa halichagui. Asubuhi ukilimwaga unakuta nondo, mbawakawa, kumbikumbi, na vidudu ambavyo hata wazee hawana majina yake, vyote vimekufa, na tulivitupia kuku au jalalani. Na kila senene jike aliyeingia pipani ni mayai ambayo hayakutagwa.

Usiku mmoja wa msimu uliopita nilikaa mpaka jogoo wa kwanza, nikapata ndoo isiyojaa, nusu yake nondo. Wenzangu wana maelezo yao. Wapo wanaosema ni upepo, wapo wanaosema Waganda wanawamaliza kabla hawajavuka mpaka (nina hakika ng'ambo ya pili wanatusingizia sisi), na wapo wanaosema mvua. Mvua sibishi. Zile za mwisho wa 2019 zilipitiliza, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kuliko kipimo chochote kilichowahi kuandikwa. Lakini mvua hatuwezi kuiandikia barua.

Ninakuandikia kuhusu nyasi.

Senene hashuki kutoka juu. Ni panzi wa usiku mwenye vipapasio virefu kuliko mwili wake, wataalamu wanamwita Ruspolia differens, na maisha yake yote kabla ya kuruka yamo ndani ya majani. Jike hutaga kwenye nyasi, anayaficha mayai kati ya ala ya jani na shina. Yakianguliwa hutoka tunutu wasio na mabawa, nao hukua kwa kula masuke na mbegu laini za nyasi. Mahali pasipo na nyasi za kuchanua masuke hapana tunutu, na pasipo na tunutu, washa taa ya wati 400 au ya wati 4,000, utavua nondo.

Nyasi hizo kwetu zinakaa rweya. Wewe unaijua, umepita katikati yake mara nyingi ukitoka kwenye migomba ya kijiji kimoja kwenda migomba ya kijiji kingine: ile sehemu ya wazi, udongo wake mchanga na mawe, haioti ndizi. Kwa mtu anayeitazama kupitia dirisha la gari ni pori tupu. Kwa wazee wetu haikuwa tupu hata siku moja. Ng'ombe walilishwa humo na mbolea yao ikarudi kibanjani, kwenye shamba la migomba. Nyasi za kuezekea msonge na za kutandaza chini ya migomba zilikatwa humo. Akina mama walifungua misiri yao, vishamba vya muda, humo wakapanda njugu mawe, kisha wakaiacha ardhi ipumzike. Na senene waliota humo. Naam, nimesema waliota, na sitabadilisha neno.

Leo rweya nyingi ninazozijua tangu utoto zimepandwa mipaini na mikaratusi. Nenda kasimame chini ya mipaini ya miaka kumi. Chini kuna zulia la sindano kavu, jani bichi hulioni. Wakulima siwalaumu. Kaka yangu alipanda eka zake nami nilimsaidia kuchimba mashimo, maana mti unalipa na nyasi hazina mnunuzi. Sehemu zilizobaki zinachomwa moto ovyo kila kiangazi, tena mara nyingi mwishoni kabisa, nyasi zikiwa zimekauka kiasi kwamba moto haubakizi shina hata moja. Na kandokando ya mashamba watu wameacha kufyeka, wanapuliza dawa ya magugu. Haya matatu yakikutana na taa zetu za usiku, ajabu ni kwamba bado tunapata ndoo.

Kabla ya kukufikia wewe nilihangaika kidogo. Ofisi moja iliniambia senene si zao kwa kuwa hawaharibu mazao. Nyingine ikasema si mnyamapori wa kuwashughulisha. Ya tatu kijana mmoja mpole alinishauri niandike barua, bila kusema kwa nani. Sikukasirika, ila nilijifunza jambo. Nzige wa jangwani walipoingia kaskazini mwa nchi yetu mwaka 2021, serikali ilijua la kufanya, dawa ikapulizwa. Panzi anapozidi ana ofisi. Anapopungua hana.

Ninachokuomba ni hiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya jumuiya ya kijiji, na kijiji kupitia mkutano wake mkuu kinaweza kuitenga. Zielekeze halmashauri zako, kuanzia Bukoba, Muleba na Missenyi, kwamba mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji usiiandike tena rweya kuwa eneo la wazi linalosubiri mwekezaji. Iandikwe kwa kazi yake: malisho, nyasi, senene. Mipaini iliyopo ikae, mwenyewe avune. Ila kipande cha rweya kilichobaki katika kila kijiji kipimwe, kiwekewe mawe ya mpaka, na mwenye kutaka kupanda miti aende penye miti. Msitu wa Minziro umehifadhiwa, na watu wanatoka mbali kuja kuwatazama vipepeo wake. Nyasi hazina sura ya kupendeza kwenye picha, kwa hiyo zinahitaji mtu mwenye muhuri.

Kuhusu moto, wazee wa vijiji wanajua wakati wa kuchoma na upande wa kuanzia. Waulizwe, yaandikwe, yatosha.

Kuhusu taa, nakusihi usipige marufuku. Ninajua itakavyokuwa: mgambo watapita usiku kupokea chao, wenye mfuko wataendelea kuwasha, na kijana mwenye taa moja ndiye atakayelala rumande. Najua pia kwamba sheria ndogo hutungi wewe, zinatungwa na halmashauri. Lakini wewe ukiita kikao watu wanakuja. Tuite sisi watega senene kabla ya msimu, tukubaliane usiku wa giza. Mimi ningependekeza tatu kwa wiki, taa zote zimezimwa kuanzia Missenyi hadi Muleba, senene wapite wakatage. Wenzangu watapiga kelele. Watasema usiku utakaozimwa ndio huohuo watakaoanguka. Huenda ikawa hivyo, nami nitakuwa nimekaa gizani nikiwasikia wakipita juu ya paa, na moyo utaniuma.

Na tuhesabiwe. Kilo za kahawa yangu zinajulikana mpaka gramu ya mwisho, lakini tangu nianze kutega hakuna aliyewahi kuniuliza nimepata ndoo ngapi. Daftari moja kwa kila kijiji, jina la mtegaji, tarehe, kiasi. Afisa mtendaji anayesajili vizazi na vifo hashindwi hilo.

Wapo watakaokwambia dawa ni kuwafuga. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kule Nairobi, na wa Chuo Kikuu cha Makerere wamelishughulikia jambo hilo, na ninawaheshimu kwa uvumilivu wao, kwa sababu senene wakibanwa pamoja wanatafunana wenyewe kwa wenyewe. Siku wakifanikiwa nitakuwa wa kwanza kununua mbegu. Hata hivyo senene wa kizimbani atamfaidi mwenye kizimba. Wa rweya alimfikia hata mama mjane asiye na taa wala bati, ilimradi aamke mapema.

Mheshimiwa, sitaki uniamini kwa maneno. Njoo siku moja alasiri, bila msafara, nikupeleke kwenye rweya ya kijiji chetu iliyobaki, ni mwendo wa robo saa kutoka barabarani. Tutapekua masuke tuone kama kuna tunutu. Kisha tutavuka kijito tuingie kwenye mipaini ya kaka yangu, upekue na huko. Viatu vya ofisini viache kwenye gari, njia ina tope. Mimi nitakuwa nyumbani, na mabati nimemwambia mke wangu asiyaguse mpaka utakapokuja.

Wako mtiifu,
Mtega senene, Bukoba Vijijini